Dirisha la bahari Shangani, au ukuta wa jikoni Kiponda?

Swali

Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, natoka Mwanza. Nimepata kazi Vuga hapa Unguja, na mume wangu ni fundi mitambo wa boti, kazi yake iko Malindi bandarini. Hatuna gari na hatutaki kununua. Tumeamua kupanga Mji Mkongwe ili sote wawili twende kazini kwa miguu, na jioni mtoto apate kucheza pwani. Ana miaka sita, na ana pumu. Dalali ametuonyesha nyumba mbili. Ya kwanza iko Shangani, ghorofa ya pili, vyumba viwili, dirisha la sebuleni linatazama bahari moja kwa moja, na mwenyewe ametandika marumaru mpya nyumba nzima. Anataka dola 450 kwa mwezi, mwaka mzima mkononi. Ya pili iko Kiponda, ndani ya vichochoro, ghorofa ya kwanza, vyumba viwili na ukumbi, bahari huioni. Ni safi, tena jikoni wamepaka rangi mpya ya mafuta mpaka usawa wa kiuno. Laki tano kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Moyo wangu uko kwenye bahari. Mume wangu anasema ni ghali mno. Tuangalie nini kabla ya kulipa?

Jibu

Marahaba mwanangu, na karibu Unguja.

Umeuliza kuhusu nyumba mbili, lakini ndani ya swali lako zimo habari mbili ambazo dalali, nadhani, hakukusudia zinifikie: marumaru mpya ya Shangani na rangi ya mafuta ya Kiponda. Wewe umezitaja kama sifa. Mimi zimenifanya nivue miwani niifute. Nitazieleza, lakini kwanza ujue unapanga nini.

Nyumba za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa tofali wala zege. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake mara nyingi nusu mita au zaidi. Dari yako, ambayo ndiyo sakafu ya aliye juu yako, imebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki sana mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama jahazi. Juu ya boriti yamepangwa mawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa na kupondwa kwa siku nyingi, watu wakiimba, mpaka ikawa sakafu. Jiwe hilo zamani lilikuwa mwamba wa bahari, na mpaka leo linakunywa maji. Chokaa nayo inapumua. Ukuta ulioachiwa chokaa yake unalowa masika, unakauka kiangazi, na unaweza kuendelea hivyo miaka mia na zaidi bila kumsumbua mtu.

Tatizo lilianza tulipoleta saruji. Saruji haipumui. Ukiipaka juu ya jiwe linalokunywa maji, maji yaliyokwisha kuingia hayana pa kutokea. Yanabaki ndani, yanabeba chumvi, yanapanda, na yanatafuta mahali palipo dhaifu. Fundi wa siku hizi anakuja na ndoo ya saruji kwa nia njema kabisa, anaziba ufa, anaondoka na pesa yake. Baada ya masika mawili plasta inavimba, ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama ngoma, kisha inaanguka na kuacha unga mweupe ambao ukiuonja ni chumvi tupu.

Sasa turudi Shangani. Marumaru hazitandikwi hewani. Chini yake kuna tabaka la saruji na mchanga, na kwenye sakafu ya zamani isiyonyooka fundi huwa analizidisha ili kupata usawa. Vyumba viwili, sebule, jiko na choo: huo ni uzito mkubwa sana, umepakiwa juu ya boriti ambazo hakuna aliyeziuliza kama zinauweza. Na marumaru mpya ina faida nyingine kwa mwenye nyumba: inafunika. Sakafu ya chokaa ikianza kubonyea katikati, utaiona. Ikipasuka kandokando ya ukuta, utaiona pia. Ukishaweka marumaru, huoni kitu mpaka siku marumaru zenyewe zitakapoanza kupasuka kwa mstari.

Kwa hiyo sakafu ya nyumba ile usiikagulie juu. Shuka ghorofa ya chini yake, bisha hodi, omba radhi, sema unataka kuhamia juu na ungependa kuona dari lao. Watu wa Unguja hawatakufukuza kwa hilo, pengine watakupa na kahawa. Tazama pale boriti zinapoingia ukutani, kwa sababu boriti haiozi katikati, inaozea kichwani, ndani ya ukuta uliolowa. Nenda na msumari mrefu au kisu chembamba. Gusa ncha ya boriti karibu na ukuta: mkoko mzima unakurudishia kisu, mkoko uliooza unakipokea kama keki. Ukiona mwenyeji ameweka nguzo ya mti katikati ya chumba kushikilia dari, mwambie ahsante na uondoke, nyumba hiyo imekwisha kujibu.

Sikutishi bure. Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, na mbele yake mpiga picha yeyote aliyewahi kufika hapa amesimama, ilianguka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili, tena ikiwa kwenye matengenezo. Kama nyumba ile iliweza, ghorofa ya bwana fulani wa Shangani nayo inaweza.

Halafu hilo dirisha. Mwanangu, umeliona saa ngapi? Ninaweza kubahatisha: dalali alikupeleka asubuhi, au jioni jua likizama. Mji Mkongwe unatazama magharibi. Dirisha la bahari ni dirisha la jua la mchana, kuanzia saa nane mpaka magharibi, na ukuta wa nusu mita ukishashika moto hauuachii haraka. Saa nne usiku utauwekea mkono na utauona bado una joto. Matajiri wanatatua jambo hilo kwa kiyoyozi na wewe utalipia umeme. Waliojenga zamani walijua, na ndiyo maana nyumba nyingi za asili hazitegemei upande wa bahari, zinategemea ua wa ndani: hewa ya moto inapanda uani, ya baridi inaingia kwa mlango wa chini. Uliza nyumba ile ya Shangani ina ua au la. Kama ua ulikuwepo na sasa umezibwa kwa bati au umejengwa vyumba, nyumba imezibwa pua, dirisha la bahari peke yake halitoshi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mtego huo, nikiwa kijana na bado sijaoa. Nilipanga chumba na sebule upande wa Mizingani kwa ajili ya mashua tu, nikiziona zinavyotweka tanga asubuhi. Mwezi wa kwanza nilikuwa sultani. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mwezi wa Desemba, kitasa cha mlango kilishika kutu, kisha redio, kisha pasi. Masika ilipoingia nikatoa viatu vyangu vya Idi kabatini nikakuta vimeota manyoya ya kijani. Kabati lilikuwa limeegemea ukuta wa nje, na nyuma yake ukungu ulikuwa umechora ramani. Mwenye nyumba akaniambia ati nafunga sana madirisha. Nilihama nikiwa nimebakiwa na kodi ya miezi minne ambayo sikurudishiwa hata senti.

Mimi sikuwa na pumu. Mwanao anayo, na hapo ndipo nataka tuende Kiponda, kwa sababu pengine umeshaanza kudhani nakusukuma huko.

Rangi ya mafuta mpaka usawa wa kiuno, jikoni tu. Jiulize kwa nini jikoni tu na kwa nini kiunoni. Kama ungekuwa chini, ghorofa ya ardhini, ningesema ni maji ya ardhi: yanapanda ukutani yanafika mita moja hivi, mwenye nyumba anachoka na plasta inayomenyeka, anapaka rangi ya mafuta ili ing'ae mpangaji anapokuja. Lakini ninyi mko ghorofa ya kwanza. Maji ya ardhini hayafiki huko. Basi maji yale, kama yapo, yanatoka mahali pengine: bomba la jikoni lililofukiwa ukutani, choo cha jirani aliye upande wa pili wa ukuta huohuo, au bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka paani. Hili la mwisho ndilo ninalokutana nalo zaidi. Gata imeoza, maji ya bati zima yanateremkia ukutani badala ya kwenda mtaroni, na ukuta unakunywa mvua zote mbili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka. Na kumbuka, ukuta unaolowa ndio ulioshika vichwa vya boriti.

Fanya hivi. Toka nje, zunguka mpaka kichochoro cha nyuma ya jiko, tazama juu. Unatafuta mchirizi wa kijani au mweusi unaoshuka ukutani, bomba lililokatika, au mche ulioota kwenye ufa. Mche ukutani hauoti pasipo na maji. Kisha ingia ndani, weka kiganja chote juu ya rangi ile, halafu kiganja hichohicho kwenye ukuta wa chumba. Muuguzi hahitaji kufundishwa kusikia tofauti ya joto kwa mkono. Inama unuse pembeni, chini ya sinki, na ndani ya kabati lolote lililojengewa. Mwisho, mwulize mwenye nyumba swali moja tu: nyuma ya ukuta huu kuna nini? Anayejua nyumba yake atakujibu palepale. Anayesema “hakuna kitu” hajui, au anajua sana.

Ikiwa ni bomba au gata, si mwisho wa dunia. Kazi ya mikono ni ya siku chache, kukauka ndiko kunakochukua muda: kuondoa chanzo cha maji, kukwangua rangi ya mafuta na saruji iliyo chini yake, kuacha ukuta ukauke wiki kadhaa, kisha plasta ya chokaa na kuipaka chokaa nyeupe. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na matengenezo yanapita kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye aulizie ruhusa, si wewe. Wewe unachoweza kumwambia ni kwamba utalipa miezi mitatu badala ya sita, na mitatu iliyobaki utalipa ukuta ukishakauka. Wenye nyumba wengi wa Kiponda wanaishi humohumo au mtaa wa pili, wanasikia neno. Lakini kama hataki kugusa ukuta na anataka mtoto wa pumu alale mita nne kutoka kwenye ukungu, nyumba hiyo iache.

Sasa mambo ya miguu. Nakubaliana na wewe kabisa kuhusu gari. Toka Kiponda mpaka Malindi mumeo hatamaliza hata uradi wake, na wewe mpaka Vuga ni robo saa kwa mwendo wa kawaida, kupitia Hurumzi na Sokomuhogo. Toka Shangani wewe utafika mapema kidogo na yeye atachelewa kidogo. Tofauti hiyo si ya kuilipia dola.

Tofauti ya kuangalia ni nyingine. Mji wa kutembea kwa miguu una upande wake wa pili: siku usiyoweza kutembea, gari nalo haliwezi kukufuata. Mtoto akibanwa na pumu saa tisa usiku, utambeba. Kwa hiyo hesabu. Simama mlangoni pa nyumba ya Kiponda, tembea mpaka mahali pa karibu ambapo teksi inaweza kusimama, ukihesabu hatua. Fanya hivyohivyo Shangani. Kisha rudi, hesabu na ngazi. Ngazi za nyumba hizi ni za mawe, zimesimama wima, hazilingani, na hazina mkono wa kushika. Ghorofa ya pili ya Shangani huenda ikawa na ngazi arubaini na zaidi. Zipande umembeba mtoto mgongoni, taa imezimwa, simu mkononi. Sifanyi mzaha. Mteja wangu mmoja, mtu mzima mwenye shahada mbili, alikuja kugundua baada ya kulipa mwaka kwamba mama yake mzazi hawezi kupanda kwake kumsalimia.

Njia ya zamu ya usiku nayo ipite usiku. Usiende na dalali, nenda na mumeo, saa nne na tena saa kumi na moja alfajiri. Taa za vichochoro si za kutegemea kila mahali. Tafuta njia yenye watu barazani. Kiponda kuna mabaraza ambayo wazee wanakaa mpaka usiku, na wakishakujua wewe ni nani na mtoto wako ni yupi, hakuna mlinzi wa kulipwa anayewafikia. Watakuuliza maswali mengi wiki ya kwanza, wajibu kwa heshima, salimu kila upitapo. Shangani kuna taa zaidi na watu zaidi, ila wengi wao ni wageni na vijana wanaowafuata wageni, na muziki wa mabaa una kawaida ya kutojali kwamba wewe umetoka zamu. Tena umeme ukikatika, sikiliza jenereta za mahoteli ziko upande gani. Moshi wa dizeli katika kichochoro cha mita mbili hauna pa kwenda isipokuwa dirishani kwako. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2009 ulipokatika, tulikaa gizani toka Desemba mpaka Machi ya mwaka uliofuata. Siku hizi kuna waya mpya na hali si ile, ila jenereta bado zipo.

Samani: usinunue kitu kabla ya kupima ngazi na kona zake. Friji kubwa na kochi la watu watatu vimewahi kurudishwa dukani hapa mara nyingi kuliko nyumba zilizouzwa. Wachukuzi wa mikokoteni watakufikisha mlangoni, kutoka hapo ni mabega ya watu na mapatano mapya.

Maji nitayasema kwa ufupi ingawa yatakusumbua kwa urefu. Mgao wa ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, kupanda mwenyewe mpaka ghorofani usiutegemee, lazima kuna pampu chini na tangi juu. Uliza pampu inakula umeme wa mita ya nani, na tangi ni la watu wangapi. Ukikuta mita moja ya TUKUZA, yaani ya umeme wa kulipia kabla, inahudumia sakafu mbili, mwambie mwenye nyumba aweke mita ndogo ya kwako kabla hujahamia. Ugomvi wa “nani kamaliza umeme” umevunja ujirani mwingi kuliko ugomvi wa mali.

Karatasi sasa. Nyumba za Mji Mkongwe zina wenyewe wa namna tofauti. Zipo za watu binafsi, zipo zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na bado ni za Serikali, na zipo nyingi za wakfu zilizo chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Kwenye hizi mbili za mwisho kuna mtindo wa miaka mingi: mtu amepangishwa kwa kodi ndogo, naye anakupangisha wewe kwa kodi kubwa, na mwenye mali hana habari. Siku habari ikifika, anayetolewa vyombo nje ni wewe, na stakabadhi yako si ya mtu anayetambulika. Kwa hiyo omba kuona risiti ya karibuni ya kodi au hati ya nyumba, jina lilingane na la anayesaini. Kisha nenda kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa eneo lile, yaani shehia. Ni lazima mtajulikana kwake kama wakaazi wapya, basi nendeni kabla ya kulipa badala ya baada, na mkataba usainiwe mbele yake. Sheha anajua nyumba ipi ina kesi na ipi inavuja. Hatakwambia yote, lakini tazama uso wake unapomtajia namba ya nyumba.

Na hizo dola. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kudai malipo ya humu nchini kwa fedha za kigeni. Mkataba uandikwe kwa shilingi. Mwenye nyumba wa Shangani akikuambia “ni hesabu tu, utalipa shilingi kwa bei ya siku hiyo”, amekurudisha palepale: shilingi ikishuka, kodi yako inapanda na mshahara wako umekaa kitako.

Kinachonitia shaka zaidi kwake ni huo mwaka mzima mkononi kwa nyumba yenye dirisha la bahari. Nyumba kama hizo zinalipa zaidi kwa mgeni wa usiku mbili tatu kuliko kwa familia. Wageni wanafurika Juni mpaka Oktoba, kisha Desemba mpaka Februari, mwezi wa tamasha la Sauti za Busara. Mwenye nyumba anayetafuta mpangaji wa mwaka mahali hapo huenda ni mtu mwema anayetaka utulivu. Huenda pia wageni wamemkataa, na wageni wanaandika maoni wazi mtandaoni kuhusu sakafu na ukungu. Tafuta kama nyumba ile iliwahi kutangazwa huko, usome walichosema.

Wenyeji tuna msemo, nyumba njema si mlango. Katika mji wa milango ya nakshi msemo huo unasahaulika kwa urahisi, na siku hizi umesahauliwa kwa madirisha. Mimi ningekuwa ninyi, ningeiacha Shangani bila majuto na kuishughulikia Kiponda polepole. Bahari mtaipata bure kila jioni: mkimaliza kazi mnakutana Forodhani, mtoto anatazama vijana wanavyoruka majini toka ukingoni, mnakula muhogo na pweza, mnarudi nyumbani kwa miguu ndani ya dakika kumi. Nyumba isiyotazama bahari haizuii lolote katika hayo.

Hamkusema mnahamia mwezi gani. Kama mnaweza kusubiri, kaeni kwa jamaa au nyumba ya muda ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, mpaka masika ianze, halafu mkaangalie nyumba ya Kiponda mvua ikinyesha. Kodi nazo huwa laini zaidi Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Kama hamwezi kusubiri, nunueni ndoo tano za maji kwa mwenye mkokoteni, ombeni ruhusa ya kupanda paani, myamwage yote kwenye gata ya upande wa jiko, kisha mmoja wenu akimbie kichochoroni na mwingine jikoni. Mwenye nyumba akikataa msipande paani, hilo nalo ni jibu.

Ukishajua kilichoko nyuma ya ukuta ule wa rangi ya mafuta, niandikie tena, na unitajie jengo lina sakafu ngapi juu yenu. Nitakwambia ukwangue kiasi gani, na fundi yupi wa chokaa umtafute na yupi umkimbie.